Barua ya mwisho wa muhula wa kwanza: ushindi wetu, simu za watoto na minervali (karo ya shule)

Lubumbashi

Baba na mama wazazi,

Mimi Prefe wenu, mkuu wa shule ya sekondari, nawasalimu nyote, wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo, na ninyi mnaowaamsha watoto gizani kule Ruashi ili wawahi bendera. Muhula umeisha salama. Nianze na furaha.

Timu yetu ya maswali na majibu imeshinda mbele ya shule sita. Swali la mwisho lilihusu mto wetu: Lualaba unaanza kuitwa Kongo kuanzia wapi? Binti yetu mmoja alibonyeza kengele kabla msomaji hajamaliza. "Kisangani, chini ya maporomoko ya Boyoma." Ukumbi mzima ulisimama. Mwalimu wa jiografia alilia, na mimi sikuwa mbali na hapo.

Nilipowauliza wamejiandaa namna gani, walinipeleka kwa sekretari. Kwenye kabati kulikuwa na katoni ya biskuti iliyofungwa kwa skochi, na ndani simu zao nne. Walikuwa wameziweka wenyewe, wiki tatu kabla ya shindano, bila mkubwa yeyote kuwaambia. Mvulana mmoja aliniambia siku za kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni peke yake, hata katikati ya sala. Wiki ya pili mkono ukatulia. Walisomea atlasi ya maktaba, ile isiyo na jalada, na kaye (daftari) moja iliyopita mikono minne. Wazazi wa watoto hawa, shule inawashukuru.

Buletini, yaani ripoti za matokeo, zinatolewa Jumamosi, saa mbili hadi saa sita, kwa mzazi mwenyewe. Vyoo vya upande wa wavulana vimetengenezwa. Nywele za rangi bado haziruhusiwi.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniondolea usingizi.

Wakati wa kusahihisha mtihani, mwalimu wa Kifaransa aliniletea karatasi kumi na moja. Mwanafunzi wa darasa la mwisho, anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, aliandika "pcq" (parce que) na "2m1" (demain) ndani ya insha, na wala hakuona kosa. Mwingine alianza insha na "slt" (salut). Insha ya Mtihani wa Serikali inaandikwa kwa mkono, na msahihishaji hamjui mtoto wako wala hamwonei huruma. Watoto hawa si wajinga. Wanaandika kila siku, pengine kuliko sisi tulivyoandika, ila wanaandika usiku, kwa kidole gumba, na hakuna anayewasahihisha.

Asubuhi ndipo tunalipa deni hilo. Saa ya kwanza ya masomo vichwa viko juu ya madawati. Nikiuliza, jibu ni "umeme ulikatika, Prefe". Umeme unakatika kweli, sote tunajua, lakini simu ilikuwa na chaji mpaka saa saba za usiku. Katika ripoti yake ya 2023 kuhusu teknolojia shuleni, UNESCO iliandika kwamba mwanafunzi aliyekatizwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha mawazo yake kwenye somo. Somo letu ni dakika 50. Pigeni hesabu ya jumbe mbili tu.

Halafu kuna ile video.

Asubuhi moja baada ya mvua, wakati wa kupandisha bendera, msichana wa darasa la saba, mwaka wa kwanza wa sekondari, aliteleza kwenye tope. Soli ya kiatu ikabanduka. Akainuka na sketi yake ya bluu imelowa, akawa anatafuta kiatu huku wenzake wakiendelea kuimba. Mvulana wa mstari wa nyuma alikuwa ameficha simu kwenye soksi. Mchana video ilikuwa kwenye grupu ya darasa, jioni kwenye status za watoto wa shule nyingine, kesho yake mtu ameshaitia muziki na kuiweka TikTok. Mtoto hakuja masomo siku tisa. Mama yake alikuja ofisini, akaweka kile kiatu juu ya meza yangu, kimeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, akaniuliza kama kuna shule nyingine ninayoweza kumwelekeza.

Tuliwasimamisha aliyepiga na waliosambaza. Ndipo baadhi yenu mkaja kunipigia kelele. "Prefe, huo ni mchezo wa watoto." Hapana, baba. Hapana, mama. Mchezo unachezwa na wawili. Na mjue kwamba Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kumnyanyasa mtu kupitia mitandao. Sitaki kumpeleka mtoto wenu huko, ndiyo maana nawaandikia ninyi kwanza. Baba mmoja tu alimshika mwanawe mkono wakaenda nyumbani kwa yule msichana kuomba msamaha. Msichana alirudi Jumatatu iliyofuata. Baba huyo nampa heshima yake hapa mbele ya wote.

Wengi wa darasa la saba wana miaka 12. WhatsApp na TikTok zenyewe zinataka mtu awe amefikisha 13. Ni nani aliyewafungulia akaunti?

Sisemi simu ni shetani. Mwalimu wa kemia anatuma mazoezi kwenye grupu, na yamewasaidia wengi. Lakini mazoezi yale yanaweza kufika kwenye simu ya mama, mtoto akayanakili mezani, mama akachukua simu yake. Saa tatu usiku simu ilale chumbani kwa wazazi. Hilo shule haiwezi kulifanya badala yenu. Sisi, upande wetu, simu yoyote itakayokamatwa itabaki ofisini mpaka mwisho wa muhula.

Minervali. Awamu ya kwanza bado haijatimia kwa familia nyingi mno, na walimu wanafundisha wakiwa na madeni ya bukari (ugali) na ya makala (mkaa). Aliyefiwa, aliyepoteza kazi, aje tuongee. Mlango wangu haujawahi kufungwa kwa mtu wa namna hiyo. Ninaosema nao ni wengine. Mtoto hakosi mega za intaneti mwezi mzima, na kila nikimwita baba yake naambiwa franka haijapatikana. Mega hizo zinalipwa na nani? Awamu ya kwanza ikamilike kabla ya masomo kuanza tena. Sitaongeza siku.

Tunarudi Jumatatu baada ya likizo, saa moja na nusu, bluu na nyeupe.

Simu tano bado ziko kwenye droo yangu tangu ile wiki ya video. Moja inaita karibu kila jioni, na kwenye kioo pameandikwa "Mama". Mama huyo aje Jumamosi, achukue buletini na simu pamoja, tukae dakika chache.

Prefe wa Masomo