Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa shamba la ndizi na maharagi, Kabare

Wamama na wababa wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua: msimu A tulipanda mwezi wa tisa, msimu B mwezi wa pili, palizi mbili kila msimu, mavuno yakashuka Bukavu kwenye soko la Kadutu. Vitabu viko kwa kashia, anayetaka akaangalie.

Nije kwa jambo linalosemwa barabarani kuliko mkutanoni: katazo la kukata majani ya ndizi na la kulima maharagi mpaka chini ya mgomba. Inasemwa mwenyekiti ameua maharagi kwa kivuli. Uamuzi ulikuwa wa komite, ijapokuwa mimi ndiye niliyeutangaza, na siukani.

Kweli, maharagi yanataka mwanga, na mgomba ukibakishiwa majani saba hauumii sana. Hilo nililifundisha mimi mwenyewe. Lakini mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria unaoua migomba, ulipoingia, panga lililokata jani la mgomba mgonjwa liliupelekea ugonjwa mgomba wenye afya. Jembe likikwaruza mizizi linafanya kazi ileile. Waliokuwepo waliona: shina lilipokatwa, baada ya muda mfupi likatoa utomvu wa manjano kama usaha, na ndizi zilizoonekana kuiva kabla ya wakati zilikuwa kahawia ndani.

Kwa hiyo mgomba mgonjwa unakatwa usawa wa udongo, peke yake. Wenzake wa kundi hilo, waliochipuka pamoja nao, wanabaki na kuchungwa kila juma, maana ugonjwa unaweza kujificha kabla ya kuonekana. Panga lipitishwe motoni mpaka halishikiki, kila unapotoka kundi moja kwenda lingine. Ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara kichana cha mwisho kinapotokea, kwa sababu wadudu wanauingiza ugonjwa hapo.

Maharagi mafupi yakae sentimita 60 mbali na mgomba. Kwenye nafasi ya mita 3 kati ya migomba inabaki mita 1.80: mistari mitano ya sentimita 40, mashimo kila sentimita 20, mbegu mbili kwa shimo. Tumepoteza mistari miwili tu, si "nusu ya shamba" kama ninavyosikia. Maharagi marefu yanayopanda juu yapewe miti yake pembeni. Kuyafunga kwenye mgomba ni kuuchubua mara mbili, siku ya kufunga na siku ya kuvuna.

Tena, wakati wa kuvuna maharagi yakateni chini, mizizi ibaki udongoni. Mnayang'oa na mizizi, mnayabeba nyumbani, halafu mnauliza mbona udongo haunoni!

Sasa hesabu. Tuko wanachama 64. Waliolipa mchango wa franga 10,000 ni 27. Hazijaingia franga 370,000. Palizi ya pili ya msimu B walikuja 11, na wanaolalamikia kivuli sikuwaona hata mmoja. Mbegu za msimu B zilinunuliwa kwa deni nililolisimamia mimi, jambo ambalo halisemwi barabarani.

Mwaka ujao tunatumaini kuongeza avoka na marakuja upande wa juu, fedha zikipatikana.

Palizi ijayo kila mtu aje na panga lake. Kuazimana tumefunga.