Mkondo wa amali unahitaji karakana

Mhariri,

Mkondo wa amali (masomo ya ujuzi wa kazi) katika sekondari, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini darasa haligeuki karakana kwa kuletewa mashine ya kuchomelea tu. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13; mashine ya transfoma, ikichoma kwa fimbo ya kuchomelea (elektrodi) yenye unene wa milimita 3.2, hufika ampea 30. Waya unachemka, fyuzi inakatika, kipindi kimeharibika. Mashine ivutiwe laini yake kutoka kwenye bodi kuu: waya wa milimita za mraba 6, sakitibreka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 32, na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa.

Kisha fimbo, ambazo bajeti nyingi huzisahau. Za milimita 2.5 ni kama 50 kwa kilo. Wanafunzi 40 wakichoma tano tano, kilo nne zimekwisha kwa siku moja! Zikihifadhiwa penye unyevu, mshono wa chuma unajaa vitundu, na kijana anadhani mkono wake ndio mbaya.

Tunaiomba wizara itenge kila muhula fedha za vifaa vinavyoisha, kama fimbo, na ratiba iunganishe vipindi viwili vya vitendo.

Walimu wa uchomeleaji,
Morogoro