Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: Jumamosi uliyotuahidi iko wapi?

Ndugu Afisa Elimu Sekondari wa wilaya yetu,

YAH: MAABARA SIKU ZA JUMAMOSI

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha zinaishia kwa katibu muhtasi wako, na wewe kila nikifika uko semina.

Wiki hii mwanangu wa kidato cha nne amefanya mtihani wa vitendo wa kemia. Biureti aliyoikuta mle, lile bomba la kioo lenye koki la kupimia kimiminika, ndiyo ya kwanza kuishika maishani. Alipofungua koki, asidi ikamwagika mezani. Akajaza tena, rangi ikageuka ghafla kabla hajasoma namba, akaandika ya kukisia. Mwenzake alishika pipeti, nayo ya kupimia kimiminika, kama mrija wa soda. Hao ndio tunaotaka wakasome PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, wawe madaktari!

Kilomita chache kutoka kwetu kuna sekondari ya siku nyingi yenye maabara, gesi na mwalimu wa kemia. Wewe mwenyewe, kwenye kikao cha wazazi, ulisema muhula unaofuata watoto wa shule ya kata watakwenda pale kila Jumamosi, na mwalimu wao wa fizikia atapishana na wetu wa hisabati. Mwenyekiti wa bodi akakuomba urudie, ukarudia. Tukapiga makofi. Muhula ukaja ukapita, na mwingine ukapita.

Nasikia shida ni kemikali, nani atalipia. Mimi nahisi kuna jingine: kila mkuu wa shule analinda nafasi yake. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini huku kwetu bado tunabandikiwa nani wa kwanza, nani wa mkiani. Ujirani mwema tunao, naam, wa kutunga mtihani pamoja na kusahihishiana. Wa kufundishiana watoto haupo.

Ada imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Ahsanteni. Maabara nayo tulichangishwa 2014. Mgambo aliondoka na jogoo wangu kwapani kwa kuwa nilichelewa kutoa. Jengo lipo, linatunza madawati mabovu. Jogoo sidai.

Na anayepenya anajikwaa mbele. Binti wa kaka yangu alimaliza kidato cha sita na pointi za kuingia chuo kikuu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kabla ya kuomba mkopo wa masomo. Dirisha likafungwa, sasa anafunga tumbaku nasi. Kwenye ile sekondari ya jirani, hata Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya mbele, wanaelekezwa mstari kwa mstari. Wetu wanachagua tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwa kuigana.

Hotuba zako hazikosi kutukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora. Tunajua. Alisoma kwenye shule iliyokuwa na walimu.

Mdogo wake huyu wangu anaingia kidato cha nne Januari. Sikuombi jengo, sikuombi ajira mpya. Naomba barua moja yenye muhuri wako kwa wakuu wa shule hizi mbili: Jumamosi saa tatu asubuhi maabara ifunguliwe. Kemikali mkitaka tuchange, tutachanga. Barua moja tu, Ndugu Afisa, na iandikwe kabla shule hazijafungwa.

Mzazi na mkulima wa tumbaku,
Tabora