Mwanangu, njoo mchana

Mama, salamu nimezipata, na ile voisi yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika yote. Nimekuelewa. Viza imetoka, tiketi wanakata wao, unaenda Muscat miaka miwili na mume wangu (mjukuu wangu huyo, usidhani nimechanganyikiwa) unataka umlete Muheza nikae naye. Jibu ni ndio, mlete. Siwezi kukukataza maana na mimi nilienda, na hii nyumba unayomleta bati zake ni za hela ya huko huko. Ila kuna neno umesema limeninyima usingizi. Umesema utakuja na basi la jioni, umlaze, alfajiri uchomoke yeye bado kalala, "ili asilie." Hapo ndo nimeona bora niandike kabisa, kwenye simu tutakatizana tu halafu utanuna.

Maana hivyo hivyo ndo nilivyokufanya wewe 2003. Hukumbuki, ulikuwa na miaka miwili na miezi saba. Ulikuwa hulali mpaka ushike pindo la kanga yangu, na sio kushika tu, unalisokota kwenye kidole mpaka kidole kinakuwa cheupe. Usiku ule nikaanza kulisokotoa taratibu taratibu, kila nikilegeza unakaza, na lori la machungwa linanisubiri barabarani, mwisho nikaivua kanga yenyewe nikakuachia nikatoka na gauni. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Bibi yako hakunisimulia mpaka miaka imepita. Siku ya kwanza ulilia sauti ikakauka, ukanitafuta uvunguni, nyuma ya mlango, kwenye banda la mbuzi. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu uji hutaki. Halafu ukatulia. Nilipopiga simu dukani kwa Mangi wiki ya pili bibi akaniambia ameshazoea, hasumbui, hata kukuulizia haulizii. Nikashukuru Mungu, nikamsimulia mpaka mwenzangu niliyekuwa nafanya naye kazi kwamba mwanangu mwelewa jamani.

Sasa unajua tangu nianze kazi hapa kituoni tunaitwaga kwenye semina. Ile programu ya serikali ya malezi ya watoto wa miaka 0 hadi 8, iliyozinduliwa Disemba 2021, ndo iliyotuletea mpaka huku maneno ya "malezi yenye mwitikio", yaani mtoto akikuashiria kitu wewe unajibu, akilia unakwenda, akikuonyesha jani unaliangalia hilo jani. Kiukweli mwanzoni nilikuwa naenda kwa ajili ya nauli na soda. Siku moja mwezeshaji akatuelezea habari za Mskoti mmoja wa huko Uingereza, James Robertson, alikuwa anafuatilia watoto wadogo waliolazwa hospitali enzi ambazo mzazi haruhusiwi kulala na mwanae wodini, mpaka 1952 akaonyesha filamu ya katoto ka miaka miwili kalikolazwa siku 8. Akaona watoto wanapita hatua tatu. Kwanza analia na kutafuta. Pili anapoa, ananyong'onyea. Tatu anaanza kula, anacheka na manesi, kila mtu anasema huyu amezoea, mama akija sasa mtoto anamwangalia kama mpita njia. Kumbe hapo hajazoea, amekata kamba iliyomfunga na mama yake. Nikajifanya naenda chooni mama, nikakaa huko mpaka chai ya saa nne.

Maana nilikumbuka niliporudi 2006. Nimebeba mdoli, nimebeba biskuti za kopo, nimefika uani nimefungua mikono, wewe ukasema "shikamoo", ukapokea biskuti, ukaenda kusimama nyuma ya bibi. Majirani wakakusifu, ana adabu huyu mtoto. Na darasa la tatu ulipoanguka kwenye mwembe ukavunjika mkono, ukarudi nyumbani ukaosha vyombo kwa mkono mmoja, hukusema kitu mpaka bibi alipoona umevimba. Nikawa nakutangaza kuwa nina binti jasiri. Jasiri wapi, ulikuwa umeshajifunza kwamba kusema hakuleti mtu.

Usinielewe vibaya, sisemi kulelewa na bibi ni kosa. Bibi yako ndo aliyekushikilia, bila yeye sijui. Na mambo haya hayakuanzia kwetu, kuna mama mmoja mtafiti, Mary Ainsworth, alikuja Uganda 1954 na mumewe, akawa anatembelea familia 26 kwenye vijiji vya Waganda karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi anakwenda kukaa sebuleni anaangalia tu. Alikuwa amesikia desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi ili alisahau, akakuta wengi wameshaiacha. Alichokiona badala yake ni kile tunachokiona kila siku hatukipi jina, mtoto anatambaa anaenda kuchokonoa vitu, anageuka kumwangalia mama, anarudi anamgusa goti, anaenda tena. Mama ni kama kituo chake. Na wengine walikuwa wameshikamana na baba au bibi pia. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na zaidi ya mmoja, shida yangu mimi nilikutoa kwenye kituo kimoja usiku kabla hujakijua cha pili.

Sasa wewe fanya hivi. Njoo wiki tatu kabla ya safari, kama boss wako hapo Dar anakataa ruhusa mwache, si unaacha kazi anyway. Ukae hapa, mimi nimwogeshe wewe umekaa pembeni, mimi nimlishe wewe unaonekana. Kisha uende sokoni saa moja urudi, kesho uende Tanga mjini urudi jioni, na kila ukitoka umwambie naenda, ukirudi umwambie nimerudi. Ana mwaka na nusu, anaelewa kuliko unavyodhani. Siku yenyewe uondoke mchana, macho kwa macho. Atalia. Mwache alie, mimi nitakuwa nimembeba na sitamwambia nyamaza.

Vidio upige muda uleule, kama ni baada ya magharibi basi iwe hivyo, mambo ya kupiga leo saa mbili kesho kutwa saa sita usiku hapana. Akiikimbia simu usisuse, wewe endelea kuongea nasi, atakuwa anasikia akiwa chini ya meza. Picha yako nitaibandika chini anapofikia. Mama nanihii jirani nimeshamwonya ule utani wake wa "mama yako kakukimbia" asiulete uani kwangu, watu wazima tunacheka mtoto anaamini. Na siku ukirudi usimvamie kumbeba, kaa kwenye mkeka, umenye chungwa, msubiri.

Hela ya matumizi tutaongea, usianze kunitumia midoli.

Halafu njoo na kanga yako moja, sio mpya ya kunipa mimi, ile unayopikia na kulalia kila siku. Usiifue.

Mama yako