Mwambie shemeji aahirishe ukoka

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na picha za nyumba ya Kigamboni nimeziona. Hongereni, mmehangaika jamani! Ila uliposema shemeji ataka ukoka uwanja mzima, na wewe watafuta pembe nyuma ya jiko ufiche mboga wageni wasione, nilicheka peke yangu. Mboga ina aibu gani?

Huo ukoka mtaumwagilia kiangazi chote, mtalipa wa kuufyeka, na hamtakula hata jani. Acheni kipande cha watoto kuchezea, maana matembele hayataki kukanyagwa, kwingine kote tandazeni matembele. Mchanga wenu wa pwani uchanganye na samadi iliyooza vizuri, uzike marando (vipande vya mashina yake) yenye vifundo vitatu vinne, umwagilie asubuhi na jioni mpaka yashike. Yakishatambaa yanafunika ardhi yote, na ukichuma ncha ndiyo kwanza yanachipua.

Kandokando ya ukuta panda choya (rozela). Hupanda kimo cha mtu, na vile vikombe vyake vyekundu vikiiva hakuna atakayeuliza kama ni mboga au pambo. Hukauka baada ya kuzaa, kwa hiyo weka mbegu. Getini mkomamanga, njiani mchaichai. Halafu ule mti wa maua ya rangi ya waridi unaousifia kwa jirani, kwenye picha nauona kama oleanda. Usiuombe kipandikizi. Una sumu kuanzia jani mpaka shina, na wewe una mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Mapapai ndiyo yenye ujanja. Mche haukwambii kama ni dume au jike, kwa hiyo panda mitatu kila shimo usubiri maua. Dume hutoa vijiua vingi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Ua la jike ni kubwa, limeng'ang'ania shina. Hapo ng'oa madume bila huruma, ubakize dume mmoja tu kwa shamba zima (ndiyo, naliita shamba, shemeji anisamehe). Usiupande mpapai maji yanapotuama, mizizi huoza upesi. Maji ya bafuni mpe mgomba, yeye hashibi.

Mwembe uwe mbali na msingi na karo. Mlonge ukate kila ukikufika kifuani, la sivyo utachumia ngazi.

La haraka kuliko yote: fundi wa pevingi asimwage zege mpaka ukutani. Aache hatua mbili za udongo pande zote, leo hii mwambie, kabla hajaanza. Mimi naja baada ya Idi na mfuko wa marando na mbegu za choya. Jembe naamini mnalo.

Msalimie shemeji na watoto.

Shoga yako