Ushauri wa kurekebisha ubao wa slalomu: tumsikilize nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu ubao wa slalomu, yaani ule ubao mmoja wa kutelezea majini ambao mchezaji hutia miguu yote miwili, mmoja mbele ya mwingine, huku akivutwa na boti. Tunaoucheza hapa Kigoma ni wachache mno, na pengine ndiyo sababu kila mgeni anayepita na ubao wake hugeuka mwalimu wetu.

Mwaka jana mgeni mmoja alinishauri nisogeze mbele buti, yaani viatu vilivyofungwa juu ya ubao, na kuteremsha pezi, lile bapa la chuma lililo chini ya mkia wa ubao. Nikamtii. Wiki mbili baadaye mwingine akasema pezi limezidi kina, nilipandishe. Naye nikamtii. Mwezi ulipokwisha, ubao ulikuwa ukinitupa kila nilipogeukia kushoto, na vipimo vya awali sikuwa navyo kwa kuwa sikuviandika popote. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Wala sisemi kwamba wageni wale walinidanganya. Pezi likishuka, mkia hushika maji zaidi na ubao hutulia. Likipanda, mkia hupata nafasi ya kuteleza kwenye kona. Buti zikisogezwa mbele, ncha ya ubao huzama zaidi. Hayo ni kweli, lakini kila mmoja aliyasema akiufikiria mwili wake, ubao wake na mwendo wake. Mwanamume wa mashindano ya kimataifa huvutwa kwa kasi inayofikia kilomita 58 kwa saa akizunguka maboya sita, kamba ikianzia mita 18.25 na kufupishwa kila anapofaulu. Boti yetu hata 45 huifikia kwa kunung'unika. Isitoshe, pezi hurekebishwa kwa vipande vya milimita, karibu na unene wa karatasi, na urefu wake ukipimwa kwa ncha za kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo kwa kuvibana, hautoki sawa na ukipimwa kwa mataya yake, hivyo watu wawili waweza kutajiana namba moja ilhali mapezi yao yamekaa tofauti.

Aliyenisaidia ni mzee wa Ujiji anayekaa botini akitutazama ili amwashirie nahodha tunapoanguka, na ambaye hajapanda ubao huo maishani. Asubuhi moja, tukingoja mawimbi ya mitumbwi ya dagaa iliyokuwa ikirejea yatulie, aliniambia: "Mwanangu, mimi nakutazama kila siku. Ukikaribia boya unaegemea nyuma kama mtu aliyeona mamba." Alisema kweli. Uzito wangu wote ulikuwa juu ya mguu wa nyuma, ncha ikawa inanyanyuka, nami nikawa natibu kwa spana ugonjwa uliokuwa magotini. Nilirudisha pezi na buti kwenye vipimo vya mtengenezaji, nikakunja magoti, na kona ya kushoto ikanyooka.

Kwa hiyo nawaomba wanaotoa ushauri wa aina hii katika kurasa za michezo wataje uzito wao, kasi ya boti, urefu wa kamba na namna walivyopima. Kwa upande wangu, siku hizi nabadili kitu kimoja tu kwa siku, naandika kipimo cha zamani daftarini kabla ya kugusa skrubu, na nikitoka majini wa kwanza kumwuliza ni yule mzee.

Mpenzi wa michezo ya majini,
Katonga, Kigoma.