Risala ya Wanafunzi wa Somo la Biashara kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wageni wote, asalaam aleikum.

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kwa kuwa unahusika na mipango ya miji katika kaunti yetu ya Kilifi, hatutakuchosha kwa historia ya chama chetu, bali tutakueleza tulichokichunguza muhula huu: kwa nini majumba ya maduka hufa, na yakifa yafanywe nini.

Southdale, jumba la kwanza la aina hiyo lililoezekwa lote na kutiwa viyoyozi, lilifunguliwa mwaka 1956 pembeni mwa Minneapolis, Marekani. Msanifu wake, Victor Gruen, alikusudia lizungukwe na makazi, shule na bustani, lakini walioliiga walichukua maduka na uwanja wa magari tu. Majumba hayo hutegemea duka kubwa moja au mawili kuvuta wateja. Likiondoka, wapangaji wadogo hukosa wanunuzi, huomba kupunguziwa kodi, kisha hufunga mmoja baada ya mwingine. Kenya tuliliona hilo kwa Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ambayo wadai wake walipiga kura ifilisiwe mwaka 2020. Malindi tuna mzigo wa ziada, kwani biashara nyingi za Barabara ya Lamu hupanda na kushuka na msimu wa watalii, jambo ambalo waombaji wa vibali vya ujenzi hawapendi kulitaja.

Huko Lakewood, Colorado, jumba lililoitwa Villa Italia (jina ambalo wengi wangedhani ni la hoteli ya hapa kwetu) lilibomolewa, pakajengwa Belmar, mtaa wenye barabara, nyumba na maduka yanayotazama nje. Lakini lililotuvutia zaidi ni Highland Mall la Austin, Texas, lililofunguliwa mwaka 1971. Wateja walipolihama, chuo cha jamii cha mji huo kililinunua kidogo kidogo, na mwaka 2014, palipokuwa duka la JCPenney, kikafungua ukumbi wa kujisomea wenye kompyuta zipatazo 600. Kwa maoni yetu, nguvu ya mpango ule ni kwamba wanafunzi huja msimu uwepo usiwepo, nao hula, hununua na hupanga nyumba.

Mheshimiwa, tunaomba kila anayetaka kibali cha jumba la maduka atakiwe kueleza litatumikaje duka kubwa likihama, na wachuuzi wa soko letu wasikizwe kabla kibali hakijatolewa, maana wao ndio wanaoujua mwezi wa Mei ulivyo, watalii wakiwa wachache. Tunaomba pia jengo la biashara lililokaa tupu lifikiriwe kwanza kwa maktaba na madarasa ya ufundi. Ukitupatia barua ya utambulisho, tuko tayari kuorodhesha vyumba vitupu vya mjini wakati wa likizo na kukuletea orodha hiyo ofisini.

Tunawasilisha.